Mgumu Katika Kundi la Wanaoanza

Jumapili, 9 Septemba 2012

Ngazi tena. Ghorofa kumi na mbili kupanda, kumi na mbili kushuka, mara tatu, na begi mgongoni lenye kilo kumi za mchele. Jirani wa ghorofa ya saba amefungua mlango akauliza kama lifti imeharibika. Nikamwambia ni nzima. Akafunga.

Ratiba ya mazoezi imetoka kwa kampuni ya safari. Siku tisa kwa miguu kwenye bonde moja la Nepal ambalo jina lake sijaweza kulitamka. Juu ya karatasi wameandika kwamba safari hii inawafaa wanaoanza. Nimeisoma mara nne. Wanaoanza! Mimi niliyepanda Kilimanjaro miaka tisa na mizigo ya watu kichwani, kutoka geti la Marangu mpaka kambi ya Kibo, nimewekwa na wanaoanza.

Sijamwambia Neema. Ni zawadi ya binti yangu kwa miaka yangu sitini, na atakuja nami. Amejinyima mwaka mzima. Ila inaniuma, na kwa kuwa siwezi kumwambia yeye naandika hapa.

Jumamosi, 15 Septemba

Mazoezi ya kundi kwenye bonde la mto, hapa Toronto. Tuko tisa. Mwalimu ni mama mmoja anaitwa Heather, ana miguu ya kazi, hilo namkubalia. Ametufundisha kutembea. Kutembea. Kisigino kwanza, fimbo hii, halafu fimbo ile. Nimezikataa fimbo. Nimefika mwisho wa njia kabla ya wote, nikakaa kwenye benchi nikawasubiri dakika ishirini. Heather akanivuta pembeni, akasema mlimani anayekimbia ndiye anayeugua. Neema alisikia. Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mpagazi hutangulia. Ndiyo kazi yenyewe. Mgeni akifika kambini akute maji ya moto na chai. Mpagazi anayefika pamoja na mgeni hachukuliwi safari ijayo. Tulikuwa tunajiita wagumu, na mgumu hakokoti miguu. Nitaanzia wapi kumweleza Heather?

Jumamosi, 22 Septemba

Neema amekuja kutoka mtaani kwake Agincourt, tumekula ndizi na nyama. Ameniuliza kileleni kulikuwaje. Anauliza kwa Kiingereza, najibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyozoea. Miaka yote hii amedhani nilifika kileleni. Kanisani wote wanadhani hivyo, na sijawahi kuwasahihisha.

Leo nimemwambia. Wagumu huishia kambi ya Kibo. Wageni na kiongozi wao hupanda, sisi hubaki kulinda mizigo na kupika uji. Miaka tisa nimekiona kile kilele kwa chini.

Kisha akafungua kompyuta akanionyesha ukingo ulio mwisho wa bonde letu, ambako kundi zima hupanda siku ya saba. Uko juu kuliko kambi ya Kibo. Akasema huko nitafika, na safari hii hakuna mzigo wa kulinda.

Nimeshangaa nilivyoutaka ule ukingo. Mzee mzima.

Ijumaa, 5 Oktoba

Uwanja wa ndege. Miaka ishirini nafanya kazi ghala la mizigo la uwanja huu, hapa Malton, na leo nimeingia kwa mlango wa abiria. Sikujua kuna mazulia.

Jumanne, 9 Oktoba

Nepal, siku ya pili njiani. Mibuni hakuna, migomba hakuna, mto una rangi ya maziwa. Watu wana adabu.

Nimegombana na begi langu. Limechukuliwa na mpagazi anayeitwa Bir, mtu wa makamo, ana mvi kama mimi. Analifunga pamoja na ya wengine wawili, anapitisha mkanda kwenye paji la uso, anainuka. Sisi tulibeba kichwani. Wao wanavuta kwa paji. Jana nililing'ang'ania. Pasang, kiongozi wetu, akanieleza kwa upole kwamba Bir ameajiriwa kwa kazi hiyo, na nikibeba mwenyewe atarudishwa nyumbani. Nikaliachia. Najua maana ya kurudishwa.

Lakini nimeshindwa kutembea na wageni. Wanasimama kupiga picha mbuzi. Nimetembea mbele na wapagazi siku nzima, hatua kwa hatua na Bir. Nimefika saa nzima kabla ya Neema. Pasang amenikanya. Nimemwitikia tu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Kila jioni Pasang anatubana kidole kwa kidude cha kupima hewa mwilini, anauliza kichwa, tumbo, usingizi. Mbele ya watu wote. Wageni wanajibu bila haya. Mmoja kalalamika kichwa, wamempa dawa na pole, kesho atapumzika.

Mimi nimesema safi. Kidude kilisema vingine, nikasema nina vidole vya baridi.

Kichwa kinaniuma tangu adhuhuri.

Geti la Marangu nako tuliulizwa asubuhi. Mzima? Mzima. Hakukuwa na jibu la pili. Ukisema kichwa, ulitoka kwenye mstari na mwingine akaingia. Nimekerwa na swali lenyewe. Urefu huu niliwahi kuupita na jiko la chuma kichwani.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kichwa. Kinagonga. Sikula, nimempa mbwa. Nimemwambia Neema nimeshiba.

Nimetapika nyuma ya ukuta wa mawe. Bir aliniona. Niliweka kidole mdomoni, kumwomba anisitiri. Aliniangalia, akaenda zake.

Ukingo ni keshokutwa. Nitafika hata kwa magoti.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimechongewa. Na mpagazi! Mpagazi hamchongei mpagazi. Pale kwetu angetengwa na kambi nzima.

Asubuhi Pasang alikuja chumbani na Neema nyuma yake. Akachora mstari kwenye vumbi, akanitaka nitembee juu yake, kisigino kwenye vidole. Kama mlevi aliyekamatwa na polisi. Hatua ya tatu nimeanguka. Akasema ni ugonjwa wa mlimani, nashuka sasa hivi, si kesho. Nimemtukana kwa Kiswahili. Nimemtukana na Bir, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nimesema mambo ambayo siyaandiki.

Halafu nikamgeukia Neema. Nikamwambia apande, afike, asinijali mimi. Pesa zake, likizo yake, siku moja tu imebaki. Nilimfokea mbele ya watu. Alikuwa tayari anakunja mfuko wake wa kulalia. Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, anatafuta maneno.

"Baba, mimi nilikuja na wewe. Nitarudi na wewe."

Nilitembea labda nusu saa. Miguu ikakataa. Bir akatoa vitu kwenye tenga lake, akanikalisha ndani, mgongo wangu kwenye mgongo wake, akapitisha mkanda kwenye paji, akainuka. Nimebebwa. Natazama nyuma, mlima unarudi nyuma, Neema anatembea mbele yangu ananitazama na kufuta pua. Naisikia pumzi ya yule mtu. Nilijua atapumzika wapi kabla hajapumzika. Sijawahi kuona aibu kama hii maishani.

Naacha.

Jumapili, 14 Oktoba

Kijiji cha chini. Kichwa kimeachia kama mtu amefungua dirisha. Nimekula wali sahani mbili.

Kundi liko juu ya ukingo saa hizi. Anga safi kabisa. Hasira bado ipo, imekaa kifuani, lakini leo imekosa pa kwenda. Nimejaribu kumkasirikia Bir. Amekaa jua linapopiga, anakanda shingo yake. Nimejaribu kumkasirikia Pasang. Haikushika.

Nimemwaza Elisa, kijana tuliyebeba naye mizigo. Sijaliandika jina hili popote. Tulikuwa tunalala mkeka mmoja kambi ya Horombo. Safari yake ya mwisho kichwa kilimshika tangu siku ya pili. Alinitapikia kwenye kiatu, akaniambia nisiseme, kiongozi atamwacha na msimu ndio umeanza. Sikusema. Asubuhi Kibo nilimtikisa tuteke maji. Hakuamka.

Kiongozi alituuliza kama alikuwa anaumwa. Nikasema alikuwa mzima.

Miaka thelathini na mbili nimejisifu kwamba sikumchongea. Nilidhani huo ndio ugumu. Mtu asiyenijua, niliyemtukana, alifanya jana jambo dogo tu la kufungua mdomo. Ninajikasirikia mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Bir. Hatuna lugha. Nikainama nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Alicheka, akanionyesha kwa mikono jinsi nilivyo mzito. Nikamkanda shingo. Najua panapouma: chini ya fuvu, kidogo kushoto. Neema alitaka kupiga picha, nikamwomba asipige.

Jumapili, 4 Novemba

Toronto. Ibada ya Kiswahili, kisha chai chini ya kanisa, maandazi na sambusa. Mzee wa kanisa amenisimamisha mbele ya watu nitoe ushuhuda wa safari. Walishapiga makofi kabla sijafungua mdomo. Mama mmoja akauliza, mlifika mpaka juu?

Nikasema hapana. Nilishikwa na kichwa, nikaficha, nikabebwa kurudi. Nikaongeza kwamba kilele cha Kilimanjaro nacho sikufika, hata siku moja. Mzee wa kanisa akasema tumshukuru Mungu kwa uzima. Watu wakarudi kwenye chai. Hakuna aliyenicheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa.

Kwenye gari nikamsimulia Neema habari za Elisa, yote, na kiatu, na nilichomjibu kiongozi. Alikuwa anaendesha. Akaegesha nje ya duka la dawa, akazima injini. Hakusema haikuwa kosa langu. Nilishukuru kwa hilo.

Aliniuliza kama Elisa alikuwa na mtoto. Nikasema ndiyo, mmoja, wa kike. Alikuwa ananyonya bado.

Akauliza jina lake.

Nalijua. Anaitwa Anande. Mama yake alikuwa wa kijiji cha Mamba, na ndugu zao wapo huko mpaka leo. Kesho nikitoka zamu nitampigia simu dada yangu Marangu, nimwombe anitafutie Anande. Sijui nitaanzaje. Nitasema nilikuwa na baba yake, na kwamba alikuwa anaumwa, na mimi nilijua.