Sanduku, Mduara na Mstari Wenye Meno

Bweni la Wasichana, Sumbawanga
19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya huku, maana upepo wa Sumbawanga hauwahurumii watu wanaooga alfajiri. Kifua chako kinaendeleaje? Ile dawa ya kikohozi uliimaliza, au uliiacha dirishani kama ya mwaka jana?

Barua yako nililetewa Jumatano na Leonsi, kondakta wa basi, pamoja na barua ya Mama. Zilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Yako inasema nimwandikie Mama kwamba asiache mlango wa ghala wazi, kuku wanaingia. Ya Mama inasema nikuandikie wewe kwamba mlango haufungiki kwa sababu bawaba uliivunja mwenyewe.

Baba, kutoka kiti chako cha barazani hadi jikoni kwa Mama ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu Krismasi. Lakini maneno yenu yanapanda basi Mwazye, yanapita Matai, yanalala bwenini kwangu, ndipo yanarudi kuingia jikoni. Yakifika, kuku wameshashiba.

Najua chanzo ni zile ntumba. Mama alikwatua nyasi tangu Februari ya mwaka jana, akazifukia ndani ya matuta hayo ya duara shamba zima, zioze ili msimu huu asambaze udongo apande ulezi. Novemba akaenda Matai kumwuguza dada yake siku tatu. Aliporudi alikuta Meshack ameshapitisha maksai wake wa kulimia, matuta yamelazwa, na wewe umepanda mahindi. Tangu siku hiyo hajakusemesha, nawe hujamsemesha. Krismasi aliiambia sufuria, sote tukisikia, kwamba Pasaka ikipita atakuwa Kirando kwa Mjomba Isdori akianika dagaa, na hakutaja siku ya kurudi. Wewe uliendelea kutafuna.

Katika klabu ya ushauri Madam Debora anatufundisha kuhusu familia. Anasema ugomvi hauishi ndani ya mtu mmoja, unaishi kati ya watu, na ukiuchora unauona. Nimechora ramani ya nyumba yetu na nimeiambatanisha. Wanaume ni masanduku, wanawake ni miduara, na mstari wenye meno ni ugomvi. Pia anashauri mtu asianze kwa kusema "wewe ni mbaya", bali aanze kwa kusema "mimi naumia". Naomba ujaribu, Baba, hata mara moja.

Binti yako mtiifu,
Avelina


Mwazye
2 Februari 2025

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Kifua kipo. Hakijaenda shule, kwa hiyo hakina nadharia, kinakohoa tu.

Ramani nimeipokea. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Mimi ni sanduku. Mama yako ni sufuria. Katikati yetu kuna msumeno, na juu ya msumeno umekaa wewe, kiduara kidogo, umefungwa kamba mbili kama ndama. Baba yako mkubwa Clemens hukumchora kabisa, na godoro unalolalia ni yeye aliyekununulia.

Nimekuwa katekista miaka ishirini na miwili. Nimewafundisha wachumba wa vigango vitatu na sikuwahi kuhitaji rula. Huyo Debora ameolewa? Nauliza tu. Mtu anayetengeneza ndoa kwa kuchora masanduku angefaa zaidi kwa seremala.

Hata hivyo usiseme sikujaribu. Jumapili nilisimama karibu na jiko, nikamwambia mbuzi aliyefungwa pale, kwa sauti ya kutosha: "Mimi naumia ninapoletewa mboga iliyopoa." Mbuzi akanitazama. Mara nikasikia mtu ndani akimwambia kuku: "Mimi naumia ninapoona mahindi juu ya ulezi wangu." Basi mshukuru mwalimu wako. Zamani tulikuwa hatuzungumzi. Sasa tunazungumza kupitia mifugo.

Kuhusu hizo ntumba, zingesambazwa tu, Novemba ileile. Yeye angetumia jembe la mkono wiki mbili, Meshack alitumia nusu siku. Udongo ni uleule. Mwandikie hivyo, labda kwa mwandiko wako ataelewa. Mwulize pia shati langu jeupe la kanisani liko wapi. Na habari ya Kirando, mwambie achukue kofia, jua la ziwani ni kali.

Ni mimi baba yako mzazi,
Kasimiri


Bweni la Wasichana, Sumbawanga
16 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia kifua hakijazidi. Mimi naendelea vizuri, na katika jaribio la Baiolojia nimekuwa wa tatu.

Habari ya kofia sitamwandikia Mama. Habari ya udongo pia sitamwandikia, wala ya shati. Tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Madam Debora ametufundisha kwamba watu wawili wakishindwa kutazamana humvuta wa tatu, kwa kawaida mtoto, wakamweka katikati. Mtoto huyo hudhani anasaidia. Kumbe yeye ndiye benchi. Kwa sababu yupo, wale wawili wanaweza kukaa kwenye ugomvi wao miaka mingi bila kuchoka. Niliposikia hivyo nilitamani kutoka darasani.

Tena nimekosa zaidi ya kubeba maneno. Nimekuwa nikibadilisha. Novemba uliniandikia, "Mwambie kama ni kwa uso ule, asinipikie." Mimi nikamwandikia Mama kwamba unaona amechoka na ungependa apumzike kupika. Alipumzika siku nne. Wewe ukala viazi vya kuchoma na ukaniandikia kwamba amekususa. Yeye akaniandikia kwamba hata asante hukumpa. Nililia, lakini barua iliyofuata nikaongeza sukari tena.

Kwa hiyo nimemwandikia Mama maneno haya haya ninayokuandikia wewe. Kuanzia leo, neno la kwake ukilileta kwangu litakaa kwangu. Kama unataka aende Kirando, mwambie. Kama hutaki, mwambie pia. Ni hatua kumi na mbili, na wewe una miguu mirefu.

Binti yako anayewapenda wote wawili,
Avelina


Mwazye
1 Machi 2025

Avelina,

Marahaba. Nimesoma kwamba nimezaa benchi. Nilidhani ninalipa ada ya kusomesha mtu.

Hukutumwa huko kwenda kutupima sisi wazazi wako kama vyura wa maabara. Ulitumwa ukasome Baiolojia, na hata hiyo ni wa tatu. Waliokutangulia wawili bila shaka baba zao hawajachorwa.

Usipopeleka, usipeleke. Sina la kumwambia mtu. Pasaka ni tarehe ishirini Aprili, na mabasi yapo kila asubuhi. Mwenye safari asafiri. Usiniandikie tena mpaka uwe na habari za masomo.

Baba yako,
Kasimiri


Bweni la Wasichana, Sumbawanga
27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Sijui kifua chako kikoje na sina wa kumwuliza. Ni wiki nane sasa sijapata barua yako wala ya Mama. Likizo sisi wa kidato cha nne tulibakizwa kambini kusoma, kwa hiyo sikuona kwa macho yangu.

Uliniambia nisikuandikie bila habari za masomo. Habari ya masomo ni kwamba Baiolojia nimekuwa wa kwanza. Sasa naandika nilichotaka kuandika.

Anayekwenda Kirando kutoka kwetu lazima apite hapa mjini. Tangu Jumatatu ya Pasaka, kila mapumziko nimekuwa nikisimama getini mpaka mlinzi akaniuliza kama nina deni na mtu. Mama hajapita, au alipita nikiwa darasani. Jana nilimbana Leonsi. Anasema Jumatatu ile alimwona Mama kituoni Mwazye, amekaa juu ya begi lake la kijani, na basi lilipoondoka hakuwemo. Kama alipanda lingine, Leonsi hajui.

Nilimwendea Madam Debora nikamwambia kwamba nimeacha kubeba maneno kama alivyofundisha, na huenda nimevunja nyumba yetu. Nilitaka anijibu kwa nadharia. Alisema, "Sijui, Avelina." Ni mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.

Sikuombi uniambie kwamba nilikosea. Niambie tu jikoni kuna moto au hakuna.

Binti yako,
Avelina


Mwazye
18 Mei 2025

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Kifua ni kilekile. Moto jikoni upo, na mboga bado inakuja imepoa.

(Anaichelewesha mwenyewe kwa kusoma barua yako mara tatu. Ni mimi Mama. Nimemnyang'anya kalamu na nitamnyang'anya tena.)

Kama nilivyokuwa nikisema kabla ya kuingiliwa, Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kituoni kumwuliza mama yako uliko ufunguo wa ghala. Hilo tu ndilo lililonipeleka.

(Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, unalia akitembea.)

Tukaanza kuzungumza. Nilimwambia ni mkaidi. Akaniambia mimi ni maksai, ila maksai wa Meshack husimama akiambiwa. La Leonsi lilikuwa limeshaondoka; basi lingine likaja, likapiga honi, likaondoka, sisi bado tuko kwenye mambo ya mwaka uliozaliwa wewe. Waumini wangu wote walikuwepo. Mama yako ana kumbukumbu mbaya sana, yaani anakumbuka kila kitu.

(Nilimwambia hivi, na naandika mwenyewe usije ukaongezewa sukari: "Nyasi zile nilizifukia kwa mgongo wangu, Kasimiri, na hukuniuliza hata kwa adabu ya kumwuliza jirani." Kisha akasema nimsamehe. Aliyaambia matairi ya basi la pili, lakini alisema.)

Sikumbuki hilo la matairi.

Ninachokumbuka ni kwamba alirudi, na begi nililibeba mimi, na lilikuwa na mawe au shati langu jeupe, maana shati lilipatikana humo. Atakwenda Kirando Julai tukishamaliza kuvuna, wiki mbili, kumsalimia Isdori. Siku ya kurudi ameitaja. Upande wa bondeni tumeanza ntumba mpya kabla nyasi hazijakauka. Anasema mistari yangu imepinda.

(Imepinda.)

Usidhani kuna amani. Tunagombana asubuhi, tunapumzika mchana, jioni tunaendelea. Tangu Novemba tumekubaliana jambo moja tu, kwamba huyo Debora wako hajui kitu. Tulilijadili muda mrefu, tukicheka, na hatukutofautiana hata mahali pamoja.

Ramani yako tunairudisha. Nimemchora Clemens kwa kalamu nyekundu. Msumeno tumeuacha palepale, ni wa kweli. Ila mama yako amechukua wembe akakata kile kiduara chako kutoka katikati ya karatasi, akakibandika pembeni karibu na jina la shule yako lililochapwa pale. Nilimwambia anaharibu kazi ya mtoto. Hakunisikia.

Hongera kwa Baiolojia.

Sisi wazazi wako,
Baba na Mama

(Gundi ni ugali wa mahindi ya baba yako. Ukiona kiduara kimebanduka njiani, usishangae. Ugali wa ulezi ungeshika.)