Karatasi ya kuondoka kwa hiari

Alhamisi, jioni

Sijatia sahihi, na sijui kama ni ujasiri au naogopa tu hiyo treni.

Kalenga, karani mwenzangu pale mgodini, tuliyekaa naye meza moja miaka yote hii, leo amenisukumia karatasi isemayo sisi Wakasai, watu tuliotoka jimbo la Kasai, tunaondoka Kolwezi kwa hiari yetu. Bila sahihi, hakuna nafasi kwenye treni ya kuturudisha Kasai.

“Hakuna mutu anakufukuza, tata. Uko libre,” akasema.

Juzi walivunja madirisha yangu kwa mawe. Leo niko huru.

Nikamwuliza nani ameandika majina ya familia yangu humo.

“Mi balinituma tu,” akajibu; yaani yeye wamemtuma tu.

Labda. Lakini kitinda mimba wangu ameandikwa kwa jina lake la nyumbani, ambalo ofisini nilimwambia Kalenga peke yake. Hilo hakuna aliyemtuma aliandike.