Jezi ya Joram

Mama,

Huku kunanyesha tangu asubuhi. Natumai na huko mahindi yamepata maji. Picha ya kadi ni majengo ya mjini, lakini mimi nakuandikia nikiwa Kinoo, jikoni kwa Wanjiru, mjane wa Joram wetu. Amenipikia nduma na chai.

Unakumbuka tulipomzika ndugu yangu? Watu wa serikali ya kaunti walitandaza kitambaa cha rangi zao rasmi juu ya jeneza, wakapiga picha, wakakikunja wakaenda nacho. Wewe uliulizia jezi yake tu, ile ya buluu na nyeupe, rangi ambazo watu wetu huvaa uwanjani kushangilia timu yetu ya mpira bila kutumwa na ofisi yoyote. Ukasema huyo mke wa Kinoo ameitupa.

Hakuitupa. Leo ameitoa kabatini, imepigwa pasi. Buluu bado ni buluu, lakini nyeupe imekuwa nyekundu kama tofali. Joram alikuwa akiivaa kulima shamba la baba mkwe wake.

"Nimeifua na kila sabuni, shemeji," akaniambia. "Hii mchanga yetu nyekundu ikiingia haitoki. Niliona aibu kuileta matanga. Mama angesema sikumtunza mtoto wake."

Anakutumia jezi kwa basi la kesho, pamoja na kadi hii. Mungu akupe nguvu za kuipokea.

Nakujua wewe na karai lako, Mama. Tafadhali usiifue.

Mwanao,
Ezra