Mguu wa Kushoto

Jadida, Wete

Dada yangu Samiha,

Assalamu alaykum. Sote wazima, na mama keshaanika karafuu.

Kile kifaa ulichonitumia nakivaa kifundoni nikikimbia. Nikikanyaga vibaya kinatetemeka, nami najirekebisha. Wiki hii kwenye mguu wa kushoto hakikunyamaza. Nikadhani kimeharibika, nikakihamishia kulia, kikatulia.

Kocha wangu, Bi Shamima, akanitazama. "Nyange, mguu unauburura," akasema, akanipeleka hospitali.

Daktari akanambia nifumbe macho, atanichoma unyayo kwa sindano. Nilikuwa bado naisubiri aliponambia keshachoma.

Dada, ni ukoma. Tangu jana sijaweza kulitamka neno hilo hata peke yangu. Daktari anasema dawa ipo na nitapona, lakini mama nimemwambia nimeteguka. Ukimpigia, nawe mwambie hivyo hivyo.

Nduguyo,
Nyange