Faili Lenye Mkia Usiojulikana

Shetou, 12 Agosti, mwaka 113 wa Jamhuri

Mwanangu Ya-chun,

Hujambo huko Hsinchu? Unakula, au bado unakunywa chai ya maziwa na kuiita chakula cha jioni? Mimi mzima, isipokuwa masikio. Kelele za mashine za soksi zimekula hata usikivu kidogo uliobaki, ndiyo maana nakuandikia. Simu kwangu sasa ni pambo.

Kompyuta ya marehemu baba yako, ile iliyoendesha mashine kubwa, imeungua. Fundi amehamishia kila kitu kwenye kompyuta mpya, lakini lile faili la amri alizoziandika baba yako mwenyewe, zinazoiambia mashine ifume vipi, halifunguki. Jina lake lina mkia wa ajabu, herufi zile za mwisho baada ya nukta, na kompyuta inaniuliza nilifungue kwa programu gani. Ningejua ningesumbuka? Fundi naye kakuna kichwa: "Shangazi, faili la namna hii sijapata kuliona."

Basi baba yako mdogo Bun-hiong kapata pa kuingilia. "Shemeji, mashine tuiuze skrepa, karakana tuipangishe." Nusu ni yake, siwezi kumfukuza. Nikamwambia mbele ya majirani: ikifika Sikukuu ya Mbalamwezi, katikati ya Septemba, mashine haijafuma, ichukue. Ikifuma, neno la kuuza nisilisikie tena mpaka nife. Haya, nisaidie.

Mama yako

Hsinchu, 15 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na chai ya maziwa nimepunguza.

Usinikasirikie, Mama, lakini baba mdogo hajakosea sana. Umri umekwenda, na soksi za kutoka nje ni bei ya kutupa. Nina chumba kitupu hapa. Hamia kwangu upumzike.

Ukitaka kujaribu, jaribu. Usilibofye faili mara mbili, maana likianza kujiendesha lenyewe linaweza kukuvunjia sindano. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kulifungua kwa programu ya maandishi matupu. Ukiona takataka badala ya maneno, usiogope. Baba alitumia mwandiko wa kompyuta za zamani za hapa kwetu. Tafuta kwenye orodha ya miandiko, chagua ule wa zamani.

Mwanao, Ya-chun

Shetou, 5 Septemba, mwaka 113

Ya-chun,

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Nipumzike nimechoka? Soksi za mashine hiyo ndizo zilizokupeleka chuo, leo unaniambia niitupe nije kulinda chumba chako! Tena naona unaandika 2024 kama wageni wa kiwandani kwenu. Huku kwetu bado ni mwaka 113 wa Jamhuri.

Faili limefunguka. Kwanza takataka tupu, nikachagua mwandiko wa zamani kama ulivyosema, maneno ya baba yako yakatokea. Kumbe alikuwa akijiandikia maelezo katikati ya amri, kwenye mistari ambayo mashine hairuhusiwi kuisoma. "Hapa kisigino." "Hapa nilipumzika nikala." Na mahali pamoja kaniita kwa jina: "Im, usiguse hapa." Nililia, kisha nikacheka. Hata akiwa kaburini ananikaripia.

Lakini nikiliendesha mashine inagoma. Inaandika "Tarehe si sahihi" na kuzima. Nakutumia faili ulitazame.

Na Bun-hiong, unajua kafanya nini? Ule mfuko wa kijani wa bisi za nazi niliouweka juu ya mashine kama hirizi ili itulie, kaufungua akala! Mtu mzima!

Mama yako

Hsinchu, 8 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Sikujua nilichokuwa nasema.

Baba mdogo kala mfuko wa kijani? Hapa kiwandani angefukuzwa siku hiyo hiyo. Mainjinia wenye digrii tatu wanauweka juu ya kila mashine, kijani kama taa ya mashine isiyo na hitilafu, na ole wako uweke wa njano au uliopitwa na tarehe.

Ugonjwa nimeuona. Baba alihesabu miaka ya Jamhuri kwa tarakimu mbili tu. Aliandika amri hizi mwaka 93, hakufikiria kwamba mia itafika. Sasa 113 inasomwa 13, faili linaona limeendeshwa kabla halijaandikwa, linagoma. Kompyuta ya zamani saa yake ilikufa ikabaki kuamini ni mwaka 94, ndiyo maana haikusumbua.

Fanya hivi: rudisha saa ya kompyuta mpya hadi mwaka 94. Itafuma. Mstari wenye kosa ndio ule alioandikia "usiguse". Usiubadilishe, ukikosea alama moja utaharibu kazi yote ya Baba.

Mwanao, Ya-chun

Hsinchu, 19 Septemba 2024

Mama,

Sikukuu imepita juzi na huandiki. Lori la skrepa limekuja? Nijibu hata neno moja. Silali.

Mwanao

Shetou, 21 Septemba, mwaka 113

Ya-chun mwanangu,

Lala sasa. Mimi mzima kuliko mwezi uliopita.

Saa niliirudisha kama ulivyotaka. Pakaandikwa mwaka 94, nikakaa nikipatazama. Mwaka 94 baba yako yuko chumba cha pili anaita chai. Nikasema hapana. Alikufa mwaka 110, nimemzika mimi, na sitaidanganya kompyuta kwamba yupo. Nikaurudisha mwaka wetu, nikatoa nakala ya faili, nikaufuata ule mstari ili uhesabu mwaka kwa tarakimu tatu. Nikakosea, ikagoma. Nikakosea tena, nikaitukana, nikaanza upya.

Siku ya sikukuu majirani wanachoma nyama nje, Bun-hiong akaja na mwenye lori, akamenya balungi langu bila kuomba. "Shemeji, mwezi huo umetoka." Nikabonyeza. Mashine ikakohoa, ikaanza kufuma. Akapiga kelele sijui za nini, nikamwonyesha masikio: sisikii! Lori limeondoka tupu.

Nakutumia soksi moja. Ya pili njoo uifuate mwenyewe, na uje na mfuko wa kijani, usiwe umepitwa na tarehe.

Pale baba yako alipoandika "Im, usiguse hapa", nimeongeza mstari wangu chini yake, nao mashine hairuhusiwi kuusoma. Nimeandika: "Nimegusa."

Mama yako