Hodi ya Mchungaji Ishaka

Kanisani, Kisauni
Februari 1945

Dada yangu mpendwa Sidi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa barazani, jua bado halijapata makali. Watu wakiandika barua husema wao hawajambo, hofu ni kwako tu, kisha wakaendelea na habari za mbuzi. Mimi leo neno hilo nimelikalia muda mrefu kabla sijaliandika. Wifi yako Nyevu hajambo, anakusalimu, kile kikohozi kimemwachia. Watoto hawajambo. Mimi ni magoti tu, na hayo si ugonjwa, ni umri na njia za mchanga. Wewe je? Lile jino umekwisha kuling'oa, au ungali ukilitia karafuu na kulibembeleza kama mgeni?

Barua yako imenifikia jana kwa mkono wa yule mgema anayepita huku. Naam, barua ya dada yake mchungaji imeletwa na mgema, ikinuka tembo la mnazi toka mwanzo hadi mwisho, na Nyevu amecheka mpaka akakaa chini. Umeniuliza habari za paa la kanisa. Umeniuliza kwa nini siku hizi nazurura nyumba kwa nyumba kama mtu aliyepoteza mbuzi. Na mwishoni kabisa, kwenye kona ya karatasi, umeuliza kama labda nilisahau kukuambia kwamba kuna barua ya mwanao Ngumbao, maana tangu mvua za vuli hujapata neno lake huko vitani. Nitakujibu yote, moja baada ya jingine, kama ulivyouliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa mkaa juu ya kigae, na nikiruka mstari ulinipiga kofi la kisogo. Basi leo nawe usiruke mstari, dada. Na tafadhali soma umeketi.

Paa linavuja. Makuti tuliyoezeka mwaka juzi yameoza upande wa mimbari, na vijana wa kupanda juu hawapo. Walio wengi wameandikishwa jeshini, na waliobaki wanabeba mizigo bandarini Kilindini. Tumebaki na akina mama, na wazee kama Mzee Kenga, mzee wetu wa kanisa, ambaye nilimkataza asipande ngazi akapanda, kisha akakaa huko juu mpaka adhuhuri akiogopa kushuka. Jumapili ya mvua mimi nahubiri huku nasogea, na waumini wanasogea pamoja nami, mpaka kufikia baraka tumelizunguka kanisa zima. Kuna siku nilitamani mvua izidi ili nisihubiri. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia askofu. Nimechoka, dada. Si kuchoka kwa kulala ukaamka mzima. Naamka nimechoka.

Sasa habari ya kuzurura. Hii sijamwambia mtu nje ya nyumba yangu, na huko kwenu Shanzu hamkuyaona yaliyotupata huku. Vijana wetu walipokwenda vitani hawakuwa na anwani. Nani ana sanduku la posta katika mashamba haya? Basi wakaandikisha sanduku la kanisa, na barua zao zote zikawa zinapita mkononi mwangu. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Nikionekana na karatasi, akina mama wananikimbilia na kata za maji, nawasomea, wanapiga vigelegele, wananiambia rudia pale aliponitaja. Kisha zikaanza kuja bahasha za kaki za serikali. Nazo zina anwani ileile ya kanisa, na hakuna mwingine wa kuzisoma.

Ya kwanza ilikuwa ya mumewe Dhahabu, yule muuza vitumbua. Nilikuwa siijui kazi hiyo. Nilimwambia palepale mlangoni, mimi nimesimama na mwavuli wangu, yeye amesimama na mtoto mgongoni. Alianguka na mtoto. Mtoto hakuumia, ashukuriwe Mungu, lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba habari ya namna ile haitolewi mlangoni. Mtu akaribishwe, aketi, apewe maji, aulize habari za kuku na za shamba, ajibiwe, ndipo aseme. Wazee wetu waliyajua haya. Ukiulizwa habari unajibu njema kwanza, hata kama umetoka kuzika. Zamani nikidhani ni unafiki. Kumbe ni kumpa mwenzako nafasi ya kukaa chini.

Lakini watu si wajinga. Bahasha zilipozidi wakaanza kuutambua mwavuli wangu. Nikionekana njiani siku isiyokuwa Jumapili, milango inafungwa, watoto wanakimbilia uvunguni, na mama mwenye mwana jeshini anaanza kulia kabla sijafika uani kwake. Siku moja nilikwenda kwa Nyamvula, jirani yetu, kuazima jembe. Jembe tu! Aliponiona alijitupa chini akajimwagia mchanga kichwani, majirani wakaja mbio, vilio vikaanza, na mimi nimesimama katikati yao nasema jembe, jembe, hakuna anayenisikia. Mwanawe alikuwa hai na shibe yake, mpishi wa kambi huko Nairobi. Jumapili iliyofuata Nyamvula hakuja kushiriki meza ya Bwana. Aliniletea ujumbe kwamba yeye na Mungu hawana ugomvi, ugomvi wake ni na ule mwavuli.

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Niliwekewa mikono kichwani nipeleke Habari Njema, na sasa mimi ndiye bundi wa Kisauni.

Dawa aliipata Nyevu. Alisema mvua ikinyesha shamba la mtu mmoja watu huulizana kwa nini, ikinyesha kila mahali hakuna anayeuliza. Basi niende kila nyumba, kila juma, niwe na neno nisiwe na neno, mpaka kuja kwangu kusiwe na maana yoyote. Nikamwambia ataniua. Akasema heri nife kwa kutembea kuliko kwa kuchukiwa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuzurura. Kisauni, Mwakirunge, Bamburi, mpaka kwenu Shanzu, nabisha hodi, naketi, nakunywa maji, nauliza habari za kuku, naaga. Hata kwa Bi Mwanasaumu naingia, ambaye ni Mwislamu na hana mtu jeshini, kwa sababu nyumba yake iko katikati ya njia na nikiipita watu watajua kwamba nachagua. Hunipa kahawa chungu na kuniambia wallahi, padiri, ukizidi kuja hapa utasilimu bila kujua. Jioni nikirudi naitia miguu kwenye karai la maji ya chumvi, Nyevu ananiuliza leo nimehubiri nini, namjibu nimehubiri kuku. Magoti haya unayoniulizia kila mara, ndiko yalikoishia.

Na dawa ilifanya kazi. Watu walinizoea mpaka wakanichoka. Nyamvula siku hizi akiniona hunisukumia ungo wa mahindi nipukuchue, niache kukaa bure. Bahasha ya mtoto wa Mzee Kenga ilipokuja, niliingia kama siku zote, nikaketi, nikanywa maji, nikamuuliza kama amepanda tena ngazi, akacheka, mkewe akaja kuketi nasi, ndipo nikasema. Walilia wakiwa wameshikana. Hakuna aliyeanguka. Siku ile nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni, Mungu anisamehe, kwamba sasa kazi hii naijua.

Umeuliza kama kuna barua ya Ngumbao. Barua yake hakuna, dada.

Unakumbuka Ijumaa ile niliyokuja kwako? Uliniona ungali kisimani, ukacheka kwa sauti, ukaniita mzururaji, ukasema viatu vyangu vitanifia njiani na hakuna wa kuvizika. Ukamkamata yule jogoo mwekundu ambaye nilijua unamweka kwa ajili ya sikukuu, ukampika kwa tui. Ukanionyesha kitanda ulichomtengenezea Ngumbao, kamba za usumba mpya wa nazi, zimekazwa sawasawa, ukanilazimisha nilale juu yake tuone kama kitalia. Nikalala. Hakikulia. Ulisema umeagiza kiwe kirefu kwa sababu kwenye kile cha zamani nyayo zake zilikuwa zinachungulia nje. Kisha ukanishika mkono, ukaniambia niombe, Mungu amlinde mwanao huko aliko. Nikaomba.

Dada, bahasha ilikuwa ndani ya Biblia, kwapani mwangu.

Nilikuja kwa ajili hiyo. Nilifanya yote niliyojifunza. Niliketi, nilikunywa maji, niliuliza habari za kuku. Nikangoja neno litoke. Lakini wewe hukuwa na hofu hata chembe. Nimehangaika miezi mingi kuyafundisha mashamba yote haya yasiniogope, nikasahau kwamba wewe nawe umo. Kama ungelilia uliponiona pale kisimani, ningelisema. Ulicheka, na mimi sikuweza kuwa mtu wa kukikatiza kicheko kile. Nikafumba macho nikamwomba Mungu amlinde mtu ambaye nilijua amekwisha kufa. Nimewahi kuomba bila imani, nimewahi kuomba huku nasinzia, lakini kumdanganya Mungu na dada yangu kwa sala moja, hilo sikuwahi. Halafu nikala paja ulilonikatia. Nusu niliiacha, ndiyo ile unayonitania katika barua yako kwamba mchungaji siku hizi anaringa. Nusu nyingine niliitapika kabla sijafika Bamburi.

Ngumbao amefariki, dada. Aliuawa vitani huko Bama, kupita Bara Hindi, kabla ya Krismasi. Wenzake walimzika hukohuko. Mahali penyewe hawakupaandika. Ukiniuliza kama aliumia sana, sijui. Ukiniuliza kama alikuwa na mtu karibu naye, sijui, karatasi haikusema zaidi ya hayo. Ninalolijua ni kwamba nilimbatiza mimi mwenyewe, na maji yalipomgusa hakulia, alinishika ndevu kwa mikono yote miwili akazivuta, na wewe ukacheka mpaka kanisa zima likageuka kukutazama.

Katika yale maneno ninayowapa watu wengine sina la kukupa. Nilijaribu kujiambia mwenyewe, njia nzima kutoka kwako, yakanikataa. Labda yatanirudia. Leo usiniulize mapenzi ya Mungu ni yapi. Na siku zote hizi tangu Ijumaa ile umekaa ukimngoja mtu, ukikaza kamba za kitanda, kwa sababu yangu mimi niliyejua. Hilo usinisamehe upesi.

Aliyekuletea barua hii ni Nyevu. Atakuwa amekuambia amekuja kuomba miche ya muhogo. Hakuja kwa hilo. Nilimwomba aketi karibu nawe mpaka ufike mstari huu, basi mpe mkono wako aushike, naye alie pamoja nawe, maana yeye tangu siku ile amekuwa akilia peke yake jikoni na kunisihi nirudi kwako.

Lakini habari hii si ya kumtuma mtu, na karatasi haitoshi. Nimekuja. Niko nje ya ua wako, upande wa kisima, nimekaa chini. Mwavuli nimeuacha nyumbani. Tangu utoto wetu sijawahi kungoja mlangoni kwako, nilikuwa naingia moja kwa moja nikifunua vyungu. Leo sina haki hiyo mpaka unipe mwenyewe. Ukitaka kunipiga lile kofi la kisogo, njoo, nimeinama. Ukitaka nisiingie, nitakaa hapahapa kisimani, wala leo siendi nyumba nyingine.

Barua huishia kwa kuwasalimu watu wote wa nyumbani. Hapo nyumbani, dada, sina mwingine wa kumsalimu ila wewe.

Ni mimi ndugu yako,
Ishaka

Hodi, dada.