Mwezi wa Najla na Mwezi wa Bi Asmahani

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimeanza kuipanga makala kwa ajili ya jarida. Mwongozo wa waandishi una kurasa kumi na tisa! Makala yenyewe ina kumi na nne. Nafasi mbili kati ya mistari. Namba za mistari pembeni. Ikisiri isizidi maneno 250 — yangu ilikuwa na 312. Nimekata, nimekata, nikafika 251, na hilo moja likagoma nusu saa nzima.

Siri yangu: nimefurahi kutwa. Wenzangu chuoni wanaichukia kazi hii, mimi naiona kama kuchambua mchele. Hata Bismillahi niliyoiandika juu ya ukurasa wa kwanza nimeifuta, maana mwongozo unataka jina la makala tu pale. Nimeisema kwa mdomo, inatosha.

Mwisho wa kupokea ni Jumatano ijayo, tarehe 20, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Mkuu wa idara kasema wazi: bila makala iliyokwisha kuwasilishwa, jina langu likiwa la mwanzo, hanipendekezi kwenda kusoma udaktari mwaka huu. Naitaka nafasi ile. Naitaka sana! Mbele za watu najifanya sina haraka, lakini hapa nani ananiona.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Marejeo arobaini na sita. Koma, nukta, herufi za mlazo. Nimemaliza yote kabla ya adhuhuri, nikajinunulia maji ya madafu.

Dkt. Timotheo kapiga simu kutoka Morogoro. Ndiye aliyenisimamia shahada ya pili, na kwenye makala hii ni mwandishi wa pili. Kauliza kama aya yake ya joto la maji bado ipo. Ipo, Daktari. Ile aya ndiyo kipenzi chake. Makala inahusu wanawake wa kijiji cha Ushongo wanaochokoa pweza mwambani maji yakitoka, na siku gani ya mwezi mwandamo pweza huwa wengi. Mchoro wetu hauna ncha: siku mbili zinalingana, mwezi kumi na sita na mwezi kumi na saba. Kwa nini mbili? Joto la maji, anasema Daktari. Mistari kumi na mmoja ya joto la maji.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Ya Rabi.

Jarida linataka jedwali la takwimu liambatishwe, kila mstari na tarehe ya kawaida, mwaka-mwezi-siku, na safu ya maelezo iondolewe. Takwimu zetu zimetoka kwenye madaftari mawili. Moja la Bi Asmahani, moja la wifi yake Najla, aliyeolewa na mdogo wake. Mwaka mzima wameniandikia: leo mwezi ngapi, pweza wangapi, na pembeni chochote walichopenda. Kabla sijaifuta hiyo safu nikasema niisome mara ya mwisho, nicheke kidogo.

Bi Asmahani: mwezi 16, nimekwenda na Najla, kateleza kaanguka, tumecheka mpaka tumbo likauma. Najla: mwezi 17, nimeanguka mbele ya wifi, hatanisahau.

Najla kaanguka mara moja tu. Siku ni ile ile!

Nikabaki nimeshika kichwa. Bi Asmahani anafuata mwezi unaoonekana hapa kwetu. Najla na mumewe wanafuata ule unaotangazwa kutoka Makka. Basi miezi mingine Najla yuko siku moja mbele. Na mimi msomi nimeyachanganya madaftari yote mawili kwa kalenda moja ya msikiti wetu hapa Usagara. Nusu ya takwimu zangu zimeteleza pamoja na Najla.

Na nilikuwa najua! Iddi ya juzi nilikuwa kwao Ushongo. Ijumaa nimekula pilau kwa Najla, Jumamosi nimekula pilau kwa Bi Asmahani, nikashukuru kote kuwili na nikabebeshwa na ya kurudi nayo. Pilau mbili, akili hata moja.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Nimemwambia Daktari. Kasema siku moja ni kitu kidogo, wasahihishaji watakuwa Ulaya huko, nani atajua. Tuwasilishe kama ilivyo, tutarekebisha wakituuliza.

Nimemjibu nitafikiri. Sikufikiri. Nimepanga nguo za safari.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Ushongo. Nimevuka Pangani asubuhi, na kabla ya saa nne nilikuwa uani kwa Bi Asmahani. Maji mafu wiki hii, hakuna anayekwenda mwambani, wote wawili nimewakuta wanakuna nazi.

Shikamoo, marahaba, mbona umekonda, Zuwena, kaa ule kwanza. Nimekula. Ndipo nikauliza leo mwezi ngapi.

Bi Asmahani: ishirini na moja. Najla: ishirini na mbili. Wamesema kwa pamoja, wala hawakutazamana! Nikauliza, mnajua kama mnatofautiana? Bi Asmahani kanitazama kwa huruma. "Tangu kaolewa huyu, mwanangu. Yeye hula Iddi yake, miye hula yangu, na sahani zapita hapo ukutani. We hukuona?" Najla kacheka, kasema wifi huchelewa kila kitu, hata mwezi wamsubiri.

Nikawaeleza kosa langu. Aibu niliyokuwa nayo! Kumbe wao wamefurahi. Bi Asmahani alikuwa akiamini mwaka mzima kwamba kumi na sita ndiyo siku ya pweza, Najla akishikilia kumi na saba, na kila mmoja alimwona mwenzake hajui kuhesabu. Leo wamejua wote walikuwa wakisema siku moja.

Lakini si kazi ya kusogeza Najla siku moja nyuma na kwisha. Miezi mingine walilingana. Ipi? Iddi wanakumbuka, Maulidi wanakumbuka. Iliyobaki — wanabishana. Tumefungua madaftari yote mawili mkekani na kutafuta siku walizokwenda pamoja, maana siku hizo zinasema kweli zenyewe. Miezi kumi na mmoja imeandikwa (Ramadhani hawakwenda). Minane tumeipata. Mitatu haina ushahidi: Mfungo Saba, Mfungo Tisa na Shaabani. Najla kaniambia niwaachie madaftari, wataendelea kutafuta. Nimewaachia, picha za kila ukurasa ninazo.

Nimerudi na nazi nne na moyo mwepesi. Sijui kwa nini mwepesi. Makala imeharibika!

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Haikuharibika. Nimepanga upya ile miezi minane, mchoro umesimama. Ncha moja, mwezi kumi na sita kwa hesabu ya hapa kwetu, imechongoka vizuri. Joto la maji halina kazi tena. Nimeifuta aya ya Daktari, mistari kumi na mmoja, na mahali pake nimeandika sita kuhusu miezi miwili ya nyumba mbili zinazopakana. Nadhani ni mistari bora niliyowahi kuandika.

Miezi mitatu yenye shaka ni mistari 41 ya jedwali kati ya 214. Nikiiacha ilivyo, nitakuwa nimedanganya kidogo. Nikiitoa, hoja inapungua nguvu, jarida laweza kusema takwimu chache.

Nimemtumia Daktari.

Jumatano, 20 Agosti 2025

Saa kumi jioni. Daktari kajibu mchana. Kwamba ile aya ilimchukua wiki mbili. Kwamba, basi, mchoro mpya ni mzuri na yeye hawezi kubishana na mchoro. Kwamba nikichelewa nisimlilie. Nampenda mzee huyu.

Kila kitu kiko tayari. Barua kwa mhariri, picha, majedwali bila mistari ya wima, miezi mitatu imetolewa. Faili zote zimepanda. Limebaki kubonyeza.

Saa kumi na moja na robo. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe, simu ikalia. Najla. Usitume! Wamepata Mfungo Saba — siku walipokwenda wote na mvua ikawarudisha, kila mmoja kaandika mvua. Na Shaabani pia, nyuma kabisa ya daftari la Bi Asmahani, kwenye ukurasa nilioupita bila kuupiga picha. Imebaki Mfungo Tisa, na hapo hawaelewani.

Nikamwambia imebaki robo tatu ya saa, dada. Kaniambia basi andika upesi.

Nimeweka simu mezani kwa sauti kubwa. Mfungo Saba nimeingiza. Shaabani naingiza, mstari wa kumi na nne sasa. Nyuma Bi Asmahani anasema siku ile ya Mfungo Tisa hakwenda na Najla, alikwenda na mtu mwingine, na Najla anasema wifi, mtu mwingine nani, nilikuwa miye! Saa kumi na moja na dakika arobaini. Ningekuwa nimeshawasilisha, saa hizi nakunywa chai. Naona nacheka peke yangu. Mstari wa kumi na tisa. Bi Asmahani anasema ngoja, Zuwena, ngoja, yuafungua ukurasa —